Kutafuta ukoo Barbados: anza na parokia, tiketi baadaye

Mama mkwe wangu alizaliwa St Philip, kusini mashariki mwa Barbados. Alikuja Uingereza mwaka 1961, binti wa miaka kumi na tisa, akafikia Reading, mji waliouhamia Wabarbados wengi miaka ile. Mimi ni mtu wa Tanga. Wanangu wakiulizwa asili yao, upande wangu wanahesabu mpaka babu wa babu na kaburi lake wanalijua lilipo. Upande wa mama yao walikuwa wakifika kwa bibi, wanakwama hapo.

Tumekwenda mara mbili. Safari ya kwanza, mwaka 2014, tulirudi na picha za ufukweni tu. Ya pili, mwaka 2023, tulirudi na majina. Ninayoandika hapa ni tofauti ya safari hizo mbili, kwa yeyote mwenye mume, mke au mkwe wa visiwani kule, au mwenye watoto waliochanganya damu kama wangu.

1. Kaa na mzee, na uulize mahali kabla ya jina

Kisiwa kina kilomita za mraba 430 hivi, kama robo ya Unguja, na kimegawanywa katika parokia kumi na moja. Kumi zina majina ya watakatifu: St Lucy, St Peter, St Andrew, St James, St Joseph, St Thomas, St Michael, St John, St George na St Philip. Ya kumi na moja ni Christ Church. Parokia hapa si kanisa peke yake, ni kama wilaya: ubatizo, ndoa, maziko na masikini wa kusaidiwa, vyote viliandikwa kwa parokia. Bila parokia unatafuta punje ya mchele kwenye gunia la pumba.

Kwa hiyo usimwulize mzee, "Babu yako aliitwa nani?" Muulize mlikuwa mkisali wapi, mlikuwa mkichota maji wapi, shamba lililokuwa karibu likiitwaje, nani katika ukoo alikwenda Panama. Swali la Panama usiliache. Mfereji ulipokuwa ukichimbwa na Wamarekani, 1904 hadi 1914, Wabarbados karibu 20,000 waliajiriwa huko kwa mkataba, mbali na waliojilipia nauli. Ni nadra kukutana na familia ya kisiwa hicho isiyo na mtu aliyepotelea Panama au aliyerudi na hela za kununua kiwanja.

Mama alikuwa akisema hakumbuki kitu. Nikamwuliza shuleni alikuwa akipita njia gani. Akafumba macho, akanitembeza: kinu cha upepo kilichobomoka upande wa kushoto, duka la ramu, miti miwili ya shelisheli, bomba la maji, halafu geti la shamba, akataja na jina la shamba lenyewe. Jina hilo ndilo lililofungua kila kitu baadaye. Simu ilikuwa mezani inarekodi, na nilimwomba ruhusa kwanza.

Majina ya ukoo yana usumbufu wake. Brathwaite utalikuta limeandikwa kwa namna nne au tano, na karani aliandika alivyosikia. Tena watoto wengi walizaliwa nje ya ndoa wakaandikwa kwa jina la mama, baba asitajwe. Mzee wako anaweza kuona haya kulisema hili mbele ya mkwe. Basi mwache mtoto wake amwulize; wewe nenda kachemshe chai.

2. Rudi nyuma kwa karatasi, ungali nyumbani

Anza na cheti cha kuzaliwa cha mzee, kisha cha wazazi wake, hatua kwa hatua. Usiruke. Rejista za kanisa la Anglikana za Barbados zinaanzia karne ya 17, na sehemu kubwa ya faharasa zake inapatikana kwenye tovuti ya FamilySearch bila malipo ukifungua akaunti. Andika kila unachopata pamoja na tarehe na parokia, hata kama humtambui mtu.

Kama ukoo wenu ulikuwa wa Moravian, sema mapema, kwa sababu rejista zao ni za peke yake. Ndugu zangu wa Mbeya na Tabora watafurahi kusikia kwamba Wamoravian walifika Barbados mwaka 1765, zaidi ya miaka mia moja kabla ya kufika Rungwe, na walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwapokea watumwa kanisani. Kanisa lao la Sharon, parokia ya St Thomas, lilijengwa mwaka 1799 na bado linasali.

Ukirudi nyuma hivyo utafika 1834, na hapo utagonga ukuta. Kabla ya tarehe 1 Agosti mwaka huo watu weusi wengi wa kisiwa walikuwa mali ya mtu, na mali haina jina la ukoo.

3. Daftari la 1817

Ukuta huo una tundu. Kuanzia mwaka 1817 kila mwenye watumwa Barbados alitakiwa kuwaorodhesha kwa serikali, na zoezi likarudiwa kila miaka mitatu hadi 1834. Nakala ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, katika mafaili yenye alama T 71, na picha zake ziko kwenye tovuti ya Ancestry. Daftari la 1817 linataja jina la mtu, jinsia, umri, rangi, nchi aliyozaliwa na kazi yake. Zaidi ya watu tisa katika kumi waliandikwa kuwa wamezaliwa Barbados. Neno "African" likitokea mbele ya jina, utalisoma mara mbili.

Daftari lenyewe lilizaliwa kwenye damu. Mwaka 1815 London ilipoanza kujadili sheria ya kusajili watumwa, habari ilifika kisiwani ikiwa imegeuka: watu waliamini uhuru umeshatolewa na mabwana wanauficha. Nanny Grigg, mtumishi wa ndani katika shamba la Simmons aliyejua kusoma, alikuwa akiwasomea wenzake magazeti na kuwaambia uhuru unakuja. Usiku wa Pasaka, tarehe 14 Aprili 1816, mashamba ya St Philip yakawaka moto. Aliyewaongoza kutoka shamba la Bayley's anajulikana kwa jina moja tu, Bussa, na aliuawa vitani. Mamia waliuawa au kunyongwa. Mwaka uliofuata bunge la wenye mashamba likapitisha usajili wake lenyewe. Kwa hiyo ukilifungua daftari la St Philip, unasoma orodha ya walionusurika.

Sisi tulikuwa na jina la shamba, la mama na kinu chake. Tukatafuta mwenye shamba hilo kwenye kanzidata ya Chuo Kikuu cha UCL, London, ambayo inaonyesha kila aliyelipwa fidia watumwa walipoachiwa. Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni 20, zote kwa mabwana. Watumwa hawakupata senti. Jina la bwana ndilo ufunguo wa T 71, kwa kuwa daftari limepangwa kwa mwenye mali. Utachukia kumtafuta yeye kwanza. Mtafute hivyo hivyo.

Ukishaingia, msomaji wa Kiswahili ana faida moja asiyoitarajia. Utakutana na Cuffy, Quaco, Quashebah, Phibba. Kwa Mzungu ni majina ya ajabu. Kwa sisi wenye akina Juma, Khamisi na Mwanajuma, maana inakuja yenyewe: ni majina ya siku ya kuzaliwa, ya Waakani wa Ghana. Cuffy ni Kofi, mtoto wa kiume wa Ijumaa. Phibba ni wa kike wa Ijumaa. Yaani Juma na Mwanajuma wamesimama mstari mmoja kwenye daftari la bwana. Binti yangu ndiye aliyegundua, akacheka, kisha akanyamaza.

Ukibaki na muda, soma gazeti la Barbados Mercury; matoleo ya 1783 hadi 1848 yamewekwa mtandaoni. Matangazo ya watumwa waliotoroka yanaeleza kovu, mwendo, na zaidi ya yote jamaa: "anadhaniwa amefichwa na mama yake katika shamba fulani." Bwana alikuwa anamsaka mtu, na bila kujua ametuachia nasaba.

Vipimo vya DNA? Fanya ukitaka, lakini vitakupa ramani pana ya Afrika Magharibi, si kijiji. Na usishangae kikitokea kipande cha Madagaska: meli kutoka huko zilifika Barbados katika karne ya 17.

4. Tarehe na njia

Mwaka 2014 tulitua Alhamisi jioni, tarehe 31 Julai. Ijumaa, tarehe 1 Agosti, ni Siku ya Ukombozi, ofisi zote zimefungwa. Jumamosi na Jumapili, zimefungwa. Jumatatu ni Kadooment, kilele cha sikukuu ya Crop Over, watu wamevaa manyoya wanacheza barabarani. Jumanne nilikuwa mlangoni saa mbili asubuhi, naambiwa maombi yangu yatachukua siku kadhaa. Alhamisi tukapanda ndege. Sherehe ilikuwa tamu, sikatai, lakini kama umekwenda kwa ajili ya karatasi, kimbia wiki hiyo, kimbia Pasaka, na kimbia tarehe 30 Novemba, siku ya uhuru wa 1966 na ya jamhuri ya 2021.

Ninapendekeza Februari hadi Aprili. Ni kiangazi, msimu wa vimbunga (Juni hadi Novemba) uko mbali, na miwa inakatwa. Muwa uliokomaa unakupita kimo pande zote mbili za barabara, huoni chochote. Ukikatwa, ndipo unapoona nyumba ya bwana ilivyokaa juu ya kilima na vijumba vilivyokuwa chini yake.

Kwa pasipoti nyingi za Jumuiya ya Madola, Barbados yenyewe haina ugumu. Hakikisha tu kwa ubalozi wao. Ugumu uko njiani. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akipita Marekani lazima awe na viza ya Marekani hata kama anabadilisha ndege tu, na akipita London kwa kawaida anadaiwa viza ya kupita hata asipotoka uwanjani. Lishughulikie hili kabla ya kulipia tiketi. Na nguo za mabakamabaka ya kijeshi ziache nyumbani, hata kaptula ya mtoto: ni kosa la jinai kuzivaa kule.

5. Siku za ofisi

Panga ofisi mwanzoni mwa safari, vivutio mwishoni. Karatasi ikikuelekeza mahali, uwe bado na siku za kwenda.

Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo hushughulikiwa na Idara ya Usajili iliyo kwenye jengo la Mahakama Kuu, Whitepark Road, Bridgetown, mji mkuu. Rejista za kale, wosia na hati za mashamba ziko Idara ya Nyaraka, Black Rock, kwenye majengo yaliyokuwa zamani hospitali ya wakoma. Mwezi Juni 2024 radi ilipiga pale, moto ukateketeza jengo moja na nyaraka zilizokuwamo. Kwa hiyo andika barua pepe wiki kadhaa kabla, taja parokia na miaka unayoitaka, uliza kipi kinaweza kutolewa na kama chumba cha kusomea kimefunguliwa. Jumba la Makumbusho la Barbados, ndani ya gereza la zamani la kijeshi eneo la Garrison, lina maktaba yake ya utafiti, na huko kuna watu wanaozijua koo za kisiwa kwa moyo.

Kuna adabu ambayo Mswahili hahitaji kufundishwa. Ukiingia ofisini, dukani au ndani ya basi, salimia kwanza, kwa sauti. Watalii wengi hawajui, na hujibiwa kwa mkato. Mimi nilisalimia kama niko Ngamiani, Tanga, nikaletewa kiti.

Usafiri ni rahisi. Wanaendesha kushoto kama kwetu, na kwa gari la kukodi unahitaji kibali cha muda cha udereva, ambacho kampuni ya magari hukupa. Lakini panda ZR walau mara moja: ni vipanya vyeupe vyenye mstari mwekundu wa damu ya mzee, namba zake zinaanza na herufi hizo. Nauli ni moja popote uendako, muziki mpaka kifuani, na kuna konda anayekwambia "sogea, nafasi ipo" wakati nafasi haipo. Mwanangu aliyekuwa amewahi kupanda daladala Tanga alihisi amefika nyumbani. Dola mbili za Barbados ni dola moja ya Marekani, hesabu haikusumbui.

6. Mahali pa kusimama

Usijaze ratiba. Tatu au nne zinatosha.

Holetown, kwa nusu saa. Kuna mnara unaosema Waingereza walifika mwaka 1605. Si kweli, walifika mara ya kwanza 1625, na makazi yakaanza 1627. Mnara ulijengwa 1905 na kosa limekaa pale kwenye jiwe. Wapeleke watoto wauone, kisha wakumbushe watakapoanza kuamini kila kilichoandikwa kwenye mti wa ukoo wa mtu mwingine mtandaoni.

St Nicholas Abbey, St Peter, ni nyumba ya bwana ya karne ya 17, imetunzwa vizuri, na wanatengeneza ramu. Ni pazuri kiasi cha kuudhi. Nenda, lakini usianzie hapo. Sanamu ya mtu aliyekata minyororo, ya Karl Broodhagen ya mwaka 1985, iko katikati ya mzunguko wa barabara Haggatt Hall. Wenyeji wote wanaiita Bussa. Magari hayasimami, kwa hiyo egesha mbali utembee.

Muda wako uutunzie Newton, parokia ya Christ Church. Ni uwanja wa majani pembeni ya miwa, una mteremko mdogo, na ukiwa na haraka utaupita. Chini yake wamezikwa watumwa wa shamba la Newton wanaokadiriwa kuwa 570, kati ya miaka ya 1660 na 1820 hivi. Hakuna mawe ya makaburi. Wanaakiolojia walipochimba mwanzoni mwa miaka ya 1970 walimkuta mzee mmoja, pengine mganga, amezikwa na mkufu: meno ya mbwa, pingili za uti wa samaki, ushanga wa vioo, kauri saba, na kito kimoja kikubwa chekundu cha akiki. Akiki ile wataalamu wanaihusisha na India, na kauri na Bahari ya Hindi. Bahari yetu. Mimi niliyekulia kwenye nyumba yenye pete ya akiki ya babu sandukuni, nilikaa chini kwenye majani. Nilikuwa nimejidhania mgeni pale.

Mwaka 2021 serikali ilitangaza mpango wa kumbukumbu kubwa mahali hapo, iliyobuniwa na msanifu majengo David Adjaye. Ukikuta ujenzi, uliza njia ya kuingia. Chukua kofia na maji, kivuli hakuna. Sisi tulisoma majina kwa sauti kutoka kwenye daftari, ingawa watu wetu hawakuwa wa Newton. Dakika kumi hivi. Mama alikaa garini, akasema atasikia kutoka huko.

7. Nyumba inayohama

Hapa ndipo wengi hupotea. Baada ya utumwa watu walibaki kuishi kwenye viwanja vya shamba kama wapangaji. Ardhi si yao, nyumba yao. Kwa hiyo walijenga nyumba ndogo za mbao juu ya mawe yaliyopangwa bila saruji, ili wakifukuzwa waibomoe, waipakie kwenye mkokoteni na kuisimika kwingine. Sheria ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wengi nafasi ya kununua viwanja vyao, kwa hiyo hati ya kiwanja ikiwepo katika familia, huenda ni ya baada ya hapo. Nyumba aliyozaliwa bibi yenu inaweza kuwapo bado, ila si pale alipozaliwa.

Usiende moja kwa moja kwenye mlango wa mtu. Nenda kanisani Jumapili, keti nyuma, subiri ibada iishe, mtaje mzee wako kwa jina na kwa jina la utani. Duka la ramu nalo ni ofisi ya usajili ya namna yake. Muuza duka alimtazama mama kwa muda, akamwuliza, "Wewe si wa kwa yule fundi viatu?" Ndani ya saa moja tulikuwa na binamu wanne.

Mkikaribishwa, mle. Mtapewa cou-cou na samaki warukao. Ni ugali wa unga wa mahindi uliosongwa na bamia kwa mwiko bapa, laini, unateleza. Nilimwona binamu mmoja anavyougeuza na kuukandamiza kwenye ukingo wa sufuria, mkono mmoja umeshika kitambaa, nikawaambia wanangu waangalie mkono wa shangazi yao wa Tanga. Jumamosi watu hula nguruwe aliyelowekwa kwenye ndimu. Mwislamu aseme mapema, wala hatashangaza mtu, maana Bridgetown ina Waislamu wenye asili ya Gujarat na misikiti yao.

Peleka zawadi: picha zilizosafishwa za wale walioondoka. Hilo ndilo wanalolikosa. Kanga pia zilipokelewa vizuri, na nililazimika kutafsiri kila moja.

Nyumba ya mama tulielekezwa na yule binamu wa tatu. Kwenye kiwanja cha zamani palibaki mawe yale ya msingi, mistari miwili, na shelisheli mmoja kati ya miwili aliyoikumbuka. Nyumba yenyewe ilihamishwa miaka mingi iliyopita, iko kilomita mbili mbele, imepakwa rangi ya kijani na inauza simu za mkononi. Mama aliingia, akasalimia, akamwuliza kijana wa dukani kama ubao wa tatu karibu na dirisha bado unalia ukikanyagwa. Kijana akaukanyaga.